Kibao Kilichobaki Wazi

Anselme Tabourin alizaliwa majini, na jambo hilo alijivunia kuliko wengine wanavyojivunia shule. "Nyie wa nchi kavu," alikuwa akituambia, "mmeota mahali pamoja kama kabichi." Yeye alizaliwa safarini, katika chumba cha nyuma cha tishari la baba yake, huku nyumbu wawili wakivuta kamba kwenye njia ya ukingoni na mama yake akiuma kitambaa asije akawashtua wanyama. Cheti chake kiliandikwa katika kijiji cha kwanza walichomkuta karani ofisini. Kwa hiyo karatasi zake zote zinasema yeye ni mwenyeji wa mahali ambapo hakulala hata usiku mmoja.

Nilimfahamu tangu nikiwa mfupi kuliko hendeli ya lango. Mama yangu alikuwa mlinzi wa lango la Vaucreuse, kwenye mfereji wa Nivernais, na mimi nilirithi kazi yake, nyumba yake na miplamu yake mitatu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kuna chumba kirefu cha mawe chenye mlango juu na mlango chini. Mashua inayoshuka inaingia, unafunga nyuma yake, unainua vibao vya chuma vilivyo chini ya mlango wa mbele, maji yanatoka, na mashua inashuka nayo polepole kama mgonjwa anayelazwa kitandani. Kisha unafungua, inakwenda zake. Inayopanda ni hivyo hivyo, kinyume. Kila mlinzi ana kipande chake cha maji cha kutunza, na juu ya kipande hicho kuna jirani mwenye lango lake. Jirani yangu wa juu anaitwa Régis.

Malori yalipochukua mchanga, mbao na ngano, watu wengi wa mashua waliuza vyombo vyao vikakatwe chuma. Anselme hakuuza. Yeye na mkewe Huguette walikwangua tumbo la tishari lao, Mésange, wakatoboa madirisha madogo pembeni, wakaweka vitanda na jiko, wakaanza kubeba kile alichokiita mizigo inayoongea. Mizigo yenyewe ilikuwa wageni wa kiangazi. Walilala ndani wiki nzima, wakasafiri umbali ambao gari lingeumaliza kabla kahawa haijapoa. Mésange ilikwenda mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Mbwa wa kijiji akitaka kuipita, aliipita, halafu akakaa kuisubiri.

Siku ya kwanza kila mgeni aliuliza saa. Nakumbuka bwana mmoja wa Lille, mwenye ramani shingoni, alivyosimama langoni kwangu na kumwuliza, "Nahodha, tutafika saa ngapi?"

"Tumeshafika, bwana," Anselme akamjibu. "Tangu jana. Wewe ndiye tunayekusubiri."

Huguette akacheka mpaka akaangusha mwiko majini.

Alinifundisha mengi ambayo mama hakuyajua, kwa kuwa mama aliyaona maji kutoka juu na yeye aliyaona kutoka ndani yake. Alinifundisha kufunga kamba. Akasema kamba ya mashua ni kama ndoa: ukiikaza itakatika, ukiiachia mno mtaamka kila mtu na ukingo wake. Kipimo chake kilikuwa mkono, kuanzia kiwikoni mpaka ncha za vidole. Urefu huo wa kamba lazima ulegee, maji yakipanda au yakishuka mashua ipate kupumua. Kila alipofunga, aliulaza mkono wake juu ya kamba, akaupima, ndipo akaondoka. Hata Huguette alipofariki, siku ya maziko, alipima kwanza.

Baada ya hapo alipokea wageni wa wiki nne tu kwa mwaka, na wengi wao walikuwa wale wale. Bwana na Bibi Wauters kutoka Ubelgiji walikuja mara kumi na moja. Jioni aliwapikia supu yake, ambayo waliivumilia kwa upendo, na mchana aliwapeleka kula katika hoteli ya kijiji walichokikuta. Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ile ya Agosti.

Hapa kwetu saa sita mchana ni saa sita. Malango yote yanafungwa mpaka saa saba, na hata angekuja rais na mashua yake, angefunga kamba na kusubiri walinzi wamalize kula. Saa sita kasorobo nilikuwa nashusha boti ya mwisho, familia moja iliyokodi, watoto watano na mama anayepiga kelele. Nilijua Mésange imeshafunga kamba juu, nyuma ya kona yenye miti ya mipopla, na kwamba Anselme na wageni wake wameshatembea kwenda kula. Nilijua pia kwamba saa saba atataka kushuka.

Nikataka alikute lango limejaa, aingie moja kwa moja. Kila mlinzi hufanya hivyo kwa mtu anayempenda: kabla ya kwenda kula unafunga mlango wa chini, unainua vibao vya juu, unaacha chumba kijae chenyewe wakati wewe unakata jibini. Amri zinakataza. Lango linalojaa halitakiwi kuachwa peke yake hata dakika moja. Lakini mama alifanya, Régis anafanya, na sijui mlinzi asiyefanya.

Boti ilitoka. Nikafunga mlango wa chini. Mlango huo una vibao viwili. Nilishusha cha kwanza, na hapo hapo nikasikia harufu ya sukari inayoungua. Nilikuwa na sufuria ya jemu ya plamu jikoni. Nikakimbia juu, nikainua vibao vya juu, nikakimbia ndani.

Kibao cha pili cha chini kilibaki wazi.

Jemu ilikuwa imeshika chini tu. Nikaihamisha, nikakoroga, nikajaza chupa, nikazifunika kwa vitambaa. Nikala sungura wa jana na haradali. Maji niliyasikia, lakini nimelala na sauti ya maji tangu nizaliwe. Mtu hasikii mapigo ya moyo wake mwenyewe. Saa saba na dakika ishirini nikatoka nikijifuta mikono, nikashangaa kwamba Anselme hajaja, nikaangalia kipande changu cha maji, kule juu ya lango.

Mawe ya ukingo yaling'aa, yamelowa, mpaka chini ambako sijawahi kuyaona isipokuwa majira ya baridi mfereji unapokaushwa. Kulikuwa na tope. Kulikuwa na samaki wanaojipigapiga. Kwa saa nzima na zaidi, kipande changu kilikuwa kimemwagika kupitia langoni, kikaenda zake, kikashuka mita moja na ushee.

Nikafunga kila kitu. Nikampigia Régis.

"Nitumie maji."

"Mchana mwema na wewe pia, bibi. Mengi?"

"Kipande kimeshuka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, Régis. Wewe fungua tu."

Akafungua. Na mimi nikasimama pale kando ya lango nikiyasubiri. Kutoka langoni mpaka kona ya mipopla ni hatua mia mbili. Ningetembea ningeiona Mésange imekaa kwenye mteremko wa mawe, ubavu mmoja juu, imelalia upande wa pili, madirisha yake wazi kwa sababu ya joto. Ningeruka ndani nikayafunga. Mtoto angeweza kuyafunga. Lakini niliona haya kuonekana nikitembea kwenye ule ukingo uliolowa. Nikabaki nimesimama, napanga uso wangu. Maji ya Régis yakaja, mengi, mazuri, yakapanda mpaka usawa wa madirisha kabla hayajaweza kuiinua mashua, yakaingia.

Maji niliyoyaita yafiche kosa langu ndiyo yaliyoizamisha.

Nilisikia Bibi Wauters akipiga ukelele. Nilipofika walikuwa wametoka kula, watatu, wamesimama ukingoni na kofia zao za jua. Godoro lilikuwa linaelea dirishani. Wazimamoto wa kijiji walikuja na pampu, na mkubwa wao, mtu mwema ambaye sina neno naye, akaukuta ubavu wa mashua ulio upande wa nchi kavu unaning'inia kwenye kamba zilizonyooka kama waya. Ilibidi azikate kwa shoka ili mashua isipinduke.

"Nani kafunga hivi?" akauliza. "Imekazwa kama uzi wa gitaa!"

Kamba yoyote duniani ingekaza, mashua ikishuka mita nzima. Lakini maji yalikuwa yamesharudi, jua la Agosti limeshakausha mawe, na mtu hupima anachokiona.

Wote wakamgeukia Anselme. Naye akaiangalia mikono yake, upande huu, na upande huu.

"Mimi," akasema.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Jioni msimamizi wa mfereji akapita kuuliza kama maji yalishuka. Nikasema yalishuka kidogo mchana, labda boti za kukodi zilichezea vibao. Akatikisa kichwa. "Na yule mzee kafunga kamba fupi," akasema, "basi, ndio hivyo." Akakubali chupa moja ya jemu.

Nataka kusema kwa nini nilinyamaza, ingawa nikisema haitoshi. Nyumba za malango zinapungua. Kila mwaka wanafunga mbili tatu na kuweka mtambo, na mlinzi mwenye kosa ndiye wa kwanza kuhamishwa. Niliiogopea nyumba ya mama. Hilo ni kweli, ila si lote. Siku ya kwanza ningeweza kusema ningali nahema. Siku ya pili ningelazimika kueleza kwa nini sikusema ya kwanza. Na ya tatu ilikuja na deni la zile mbili. Hivyo hivyo, mpaka wiki.

Mésange ilivutwa hadi kwenye gati ya kijiji kingine, mwendo wa saa moja juu ya lango langu. Bwana na Bibi Wauters walimkumbatia Anselme, wakasema haidhuru, wakapanda treni. Binti yake Maryvonne, mwalimu huko Auxerre, alikuja na ndoo na glavu. Yeye na mimi tulicheza pamoja utotoni, kila kiangazi, dakika kumi kumi za kupita langoni. Nilimsaidia kutandaza magodoro juani. Sahani za harusi za Huguette zilikuwa zimevunjika, zote isipokuwa mbili.

"Ghislaine, asante," Maryvonne akaniambia. "Wengine wanampita kama wanapita makaburini. Ni wewe tu."

"Acha, Maryvonne."

"Siachi. Unajua anachofanya usiku? Anaamka kuangalia kamba. Mara nne, mara tano. Jana nimemkuta ameshika ya mbele analia. Ananiambia, 'Niliupima mkono, nakumbuka nimeupima.' Halafu ananiambia, 'Lakini nakumbuka mambo mengine pia, na pengine hayakuwepo.'"

Nikaendelea kupiga godoro.

Yule mzee alikuwa ameanza kujitilia shaka, na shaka ikishaingia kichwani mwa mtu wa miaka sabini na tisa haikosi cha kula. Akiweka miwani na kuikosa, aliona ndiyo hiyo. Akisahau jina la mwokaji mikate, ndiyo hiyo. Nilimtembelea kila jioni baada ya kazi. Nilikwenda kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mara ya kwanza nilimpelekea jemu. Ilikuwa jemu ile ile. Sikuwa na nyingine. Akaipaka kwenye mkate, akafumba macho.

"Mama yako kabisa," akasema. "Imeungua kidogo chini, eh? Ndiyo utamu wake. Huguette alikuwa anasema jemu ya Vaucreuse ina moshi."

Nikamwambia nina kiungulia, nikatoka nje.

Alikuwa na mtihani wake. Kila asubuhi alitaja malango yote ya mfereji kwa jina, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesali. Aliyajua tangu ana miaka mitano. Baba yake alimfundisha wakitembea nyuma ya nyumbu, kila lango na jina lake na jina la mlinzi wake na mbwa wake. Jioni moja alinipa orodha niishike.

"Ukinisikia nimeruka, nikanyage mguu."

"Mimi sitakanyaga mguu wa mtu mzima, Baba Anselme."

"Nikanyage! Mguu wangu wenyewe, nimekupa ruhusa."

Akaanza. Aliyapita arobaini bila kupumzika, sauti yake nzuri, macho yakitazama mbali. Akafika karibu na kwetu. Akataja la Régis. Akataja lililo chini yangu.

Sikumkanyaga. Aliendelea matatu zaidi, kisha akasimama mwenyewe. Nikamwona akirudi nyuma, akigusa vidole, na uso wake ukawa wa majivu.

"La kwako," akasema. "Nimeruka la kwako, binti. Hili ninalolipita tangu sijaota meno."

"Umechoka tu."

"Hapana, hapana. Tusidanganyane, sisi wawili." Akaichukua ile orodha mkononi mwangu, taratibu, akaikunja. "Maryvonne amepata chumba. Nyumba ya wazee, karibu na shule yake. Kina dirisha linaloangalia uwanja wa magari. Nimemwambia sawa. Ni bora niondoke mwenyewe kabla sijamzamisha mtu. Wale Wabelgiji wangekuwa wamelala ndani, je?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Alinifungulia kama mlango. Alinitazama, akisubiri nimwambie neno lolote la kumtuliza, na neno lenyewe lilikuwa kinywani.

"Chumba chenye dirisha ni kizuri," nikasema.

Njiani kurudi nilimkuta Régis anakata majani kando ya lango lake. Akazima mashine.

"Kile kidogo chako," akasema, "kilinichukua saa nzima kukijaza."

Nikaangalia majani yaliyokatwa.

"Mimi sisemi kitu. Mimi si padri. Nasema tu, nilikutumia maji ya kuoshea farasi mia mbili." Akawasha mashine yake tena.

Mésange ilipata wanunuzi upesi. Walikuwa vijana wawili wa Lyon, mume na mke, wenye adabu zao. Walitaka kuifunga mjini iwe mkahawa. Haingetembea tena. Ijumaa ya mwisho ya Septemba ilibidi Anselme aipeleke mwenyewe chini, mwendo wa siku mbili, akawakabidhi. Maryvonne aliomba ruhusa shuleni ili asimwache baba yake peke yake na kamba.

Waliingia langoni kwangu saa tatu asubuhi, kuna ukungu bado juu ya maji. Nilifunga mlango wa juu nyuma yao. Anselme alikuwa kwenye usukani, amevaa koti lake la sherehe. Maryvonne alikuwa mbele ameshika kamba kwa mikono miwili, kwa woga, kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Legeza, mwanangu, legeza!" baba yake akamwambia. "Ukifunga namna hiyo, utafanya kama mimi."

Nikainua kibao cha kwanza cha mlango wa chini. Maji yakaanza kutoka, na mashua ikaanza kushuka. Nilikuwa nimesimama juu ya ukingo, na uso wake, uliokuwa sawa na wangu, ukawa usawa wa kifua changu.

"Haya, Ghislaine," akasema. "Tumalize bila machozi. Nisalimie miplamu."

"Baba Anselme," nikasema, "hukufunga fupi."

"Eh?"

"Kamba! Hukufunga fupi!"

Alikuwa usawa wa kiuno changu. "Sema kwa sauti, maji yanapiga kelele!"

Basi nikasema kwa sauti. Hakuna namna nyingine ya kusema kitu katika lango linalomwagika isipokuwa kupiga kelele, na jambo ambalo nililificha wiki tano nikalipigia kelele kama mwuza samaki. Nikasema niliacha kibao wazi. Nikasema kipande kilishuka mita moja na zaidi. Nikasema nilimwita Régis alete maji, na ni maji yale, si kamba yake, hakuna kamba ambayo ingefaa. Nikasema nilikuwa napika jemu.

Sasa alikuwa chini ya magoti yangu, ameinua uso, na matone ya ukuta yalikuwa yanamdondokea kwenye kofia.

"Rudia."

"Niliacha kibao wazi, cha pili, hiki hapa..."

"Si hilo. Lile la kamba."

"Kamba yako ilikuwa sawa."

"Rudia."

"Ilikuwa sawa. Ulipima mkono. Ilikuwa sawa, Baba Anselme."

Maryvonne alikuwa ameiachia kamba. Mashua ikaanza kuyumba, ikagonga ukuta. "Wewe!" akaniambia kutoka kule mbele. "Ulikuja kila siku! Ulinisaidia kupiga magodoro!"

"Shika kamba, Maryvonne," baba yake akasema bila kumtazama. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, huenda ndiyo sauti iliyokuwa ikisemesha nyumbu: "Shusha kibao."

Nikashusha.

"Vyote viwili. Angalia kwa macho, usiangalie kwa mkono."

Nikaangalia. Vyote viwili vilikuwa chini.

"Sasa nijaze."

"Baba," Maryvonne akasema, "watu wanatusubiri kule. Tumeshatoa neno."

"Watapata mashua nyingine. Vijana wana miguu. Nijaze, nimesema."

Nikaenda mlango wa juu, nikainua vibao, na maji yakaingia. Akapanda. Nilimwona akipanda kutoka gizani mwa mawe, kwanza kofia, kisha nyusi, kisha uso wote, ukawa magotini mwangu, kiunoni, kifuani, na mwishowe mbele yangu, karibu kiasi cha kuniwezesha kuuona mshipa wa shavu lake ukicheza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Watu wa mashua wana matusi yao, marefu, yenye vituo kama safari.

"Wiki tano," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeamka usiku kuhesabu vidole vyangu. Nimemwomba Huguette msamaha wa sahani." Akapangusa matone kwenye kofia. "Na ile jioni ya orodha. Ulinisikia nimeruka."

"Nilisikia."

"Niliruka kwa sababu gani, unadhani? Kwa uzee?"

Sikujua. Mpaka leo sijui. Labda kweli ilikuwa uzee, au labda kulikuwa na kitu ndani yake kilichokuwa kinalikwepa lango hili kabla yeye mwenyewe hajajua sababu. Nikasema sijui.

"Na mimi sijui," akasema. "Hilo ndilo uliloniibia, bibi. Sitajua tena."

Hakuniita binti. Alisema bibi, kama anavyowaita wake za wasimamizi. Kisha akamwambia Maryvonne afungue kamba, na mimi nifungue mlango wa juu, akairudisha Mésange nyuma, mita ishirini na nane za chuma, polepole, bila kugusa jiwe hata moja, mpaka ikapotea kwenye kona ya mipopla. Hakuna mtu niliyewahi kumwona akirudi nyuma namna hiyo kwenye mfereji mwembamba.

Siku hiyo hiyo niliandika barua ofisini. Walikuja watu wawili, wakaniuliza, nikajibu. Walinipa onyo la maandishi na wakaniachia lango. Kuhusu nyumba, walisema wataamua baada ya majira ya baridi. Régis alipewa maneno makali kwa kutuma maji bila kuiuliza ofisi, na hilo nalo ni langu. Maryvonne hajanisemesha. Wanunuzi wa Lyon walikasirika kidogo, wakapata tishari lingine lenye balkoni.

Nilidhani kusema kungenitua mzigo. Huo ndio uongo mwingine niliojiambia. Niliotua ni wa Anselme. Wangu upo pale pale, isipokuwa sasa watu wanauona nikipita nao kwenda kununua mkate.

Kiangazi kilichofuata Anselme aliwapokea wageni, wiki nne zile zile, wakiwemo Bibi Wauters na mumewe na sahani mpya walizomletea. Alipita kwangu mara tano. Hakuniruhusu kushika kamba yake. Alipanda ngazi ya ukutani mwenyewe, akiwa na miaka themanini, akaizungusha kwenye nguzo, akalaza mkono wake juu yake, akapima. "Habari za asubuhi, bibi," akasema. Nikasema, "Habari za asubuhi, nahodha." Bibi Wauters alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko ukimya wa yule mzee.

Mara moja ilimkuta saa sita akiwa juu ya lango langu. Wageni walikwenda hotelini peke yao. Yeye hakwenda. Alileta kiti, akakiweka sitahani, akakigeuza kielekee kwangu, akakaa, mikono juu ya magoti. Hakuwa na kitabu wala mkate.

Nililiacha lango tupu, mlango wa chini wazi, vibao vyote vya juu vimeshuka. Nilivigusa kimoja kimoja. Kisha nikaingia ndani. Sikuweza kukaa mezani. Nilichukua sahani yangu, nikasimama nayo kwenye dirisha la mbele, na nikala chakula changu chote, tonge kwa tonge, mahali ambapo angeweza kuniona.